KUPIMA SAMAKI ZIWANI

Mvuvi wa Ziwa Victoria afikapo ufukoni asubuhi huwahesabu samaki wake na kufikiri bei. Pengine humkuta mtu mwenye ubao na penseli, asiyenunua hata samaki mmoja. Kazi yake ni kuwapima urefu, na wengi humcheka. Lakini yafaa kujua atafutalo.

Ubao huo una kizuizi kilichosimama upande mmoja, na rula imebandikwa juu yake. Samaki hulazwa ubavu, kinywa kimefungwa, ncha ya mdomo ikigusa kizuizi. Kisha urefu husomwa kwenye ncha ya mkia. Wengine husoma kwenye shina la mkia, kwa kuwa ncha huchanika upesi wavuni. Njia zote mbili zafaa, ila zisichanganywe: apimaye leo hivi na kesho vile hataona samaki wakikua, ataona makosa yake mwenyewe. Baadaye samaki hutiwa mizanini, na tumbo hupasuliwa kutazama kama mayai yamekomaa.

Uzito haukui sawa na urefu. Samaki akirefuka mara mbili huongezeka pia upana na unene, basi uzito wake huwa karibu mara nane. Ngege wa gramu 100 akiachwa hata urefu wake uwe mara mbili, atakaribia gramu 800. Huyo ni kitoweo cha nyumba nzima.

Umri ni jambo gumu zaidi. Katika nchi za baridi magamba huonyesha alama ya kila mwaka, mfano wa shina la mti. Katika Ziwa Victoria joto la maji halibadiliki sana, na alama hizo hazisomeki kwa urahisi. Kwa hiyo samaki wengi hupimwa kila mwezi. Kundi lililozaliwa pamoja huonekana katika hesabu kama nundu, na mwezi hata mwezi nundu hiyo husogea kwenye sentimita nyingi zaidi. Mwendo huo ndio ukuaji.

Nyavu za kutega zililetwa ziwani mwaka 1905. Kufika 1927, ngege walikuwa wamepungua sana katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Winam. Mwaka huo na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri macho ya nyavu za ngege yasipungue inchi 5 yakivutwa, ili samaki mdogo apite na kuzaa kabla ya kunaswa. Ngege jike hubeba mayai na watoto kinywani. Akivuliwa wakati huo, kizazi kizima hupotea pamoja naye. Ushauri huo ukawa sheria.

Wavuvi walinung'unika, wala hawakuwa wapumbavu: wavu wa macho madogo huleta samaki wengi leo, na karo ya mtoto hailipwi kwa samaki wa mwaka ujao. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sheria iliondolewa, nyavu za macho madogo zikaenea, na ngege wakazidi kuadimika. Mbuta, aliyetiwa ziwani miaka ile ile, aliwala waliosalia. Ngege wauzwao leo kwa wingi ni wa aina nyingine iliyoletwa. Yule wa asili amebaki katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Siaya.