Punguzo la Posta: Manispaa Ipige Hesabu Kabla ya Kununua Mashine

Punguzo la gharama za posta si zawadi. Posta humpunguzia bei mteja aliyeipunguzia kazi, yaani aliyeleta barua zilizokwisha kulipiwa na kupigwa chapa, hata karani wa dirishani hana haja ya kuuza wala kugonga stempu moja moja. Mashine ya mteja ikipitwa na masharti, punguzo nalo huondoka.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Julai 2025 barua ya kawaida yenye stempu ilipanda hadi senti 78, na ile iliyopigwa chapa kwa mashine ikawa senti 74. Kabla ya hapo, hadi mwisho wa 2024, mashine za mtindo wa zamani zilikuwa zimeondolewa. Halmashauri za miji huko, sawa na kampuni binafsi, zilipaswa kubadili mashine au kulipa bei ya stempu.

Kwa manispaa za Kinondoni na Temeke, somo lianzie masjala. Manispaa hizo zilianzishwa mwaka 2000. Baadaye Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, hivyo mwenye nyumba hasubiri tena hati ya madai katika sanduku la posta. Kwa sababu hiyo, idadi ya barua za miaka ya nyuma haifai kupimia mashine ya leo.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Kodi ya mashine ni sh. 150,000 kwa mwezi na punguzo ni sh. 50 kwa kila barua. Barua 2,000 zitaokoa sh. 100,000, kwa hiyo manispaa itapata hasara ya sh. 50,000. Barua 3,000 zitarudisha gharama bila faida. Zikifika 5,000, faida ni sh. 100,000, kabla ya kuhesabu wino na matengenezo.

Kabla ya kutangaza zabuni, mweka hazina ahakikishe mambo manne:

1. Daftari la masjala limeonyesha barua zilizotumwa kila mwezi kwa miezi 12.

2. Posta imethibitisha kwa maandishi kiasi cha punguzo, masharti yake na aina ya mashine inayokubaliwa.

3. Mkataba umetaja nani atagharimia mabadiliko endapo viwango au masharti vitabadilika.

4. Barua zina anwani kamili, pamoja na postikodi ya tarakimu 5. Barua inayorudi imekula gharama mara mbili, hata kama ilitumwa kwa bei nafuu.

Pale ambapo barua ni chache, kununua stempu huweza kuwa nafuu kuliko mashine mpya. Mfanyabiashara wa Mwenge au Mbagala anayelipa ushuru hataiona mashine hiyo, lakini gharama yake inatoka mfukoni mwake.