Somo la 9: Mpaka wa Shamba

Maneno ya kusoma: mpaka, jirani, alama, shahidi, suluhu, baraza

Rhotia iko katika wilaya ya Karatu. Mashamba mengi yako kwenye miteremko. Wakulima hulima mahindi, maharage, mbaazi na ngano. Mpaka huwa ni ukanda wa majani, mstari wa minyaa, au jiwe.

Tuchukue mfano. Jirani wa juu analima kwa plau. Kila mwaka plau yake inaukata mpaka kidogo, sentimeta 30 tu. Jirani wa chini haoni. Baada ya miaka 10, mpaka umesogea meta 3. Shamba likiwa na urefu wa meta 100, zimeliwa meta za mraba 300. Siku jirani wa chini anapotambua, anataka kushika fimbo. Afanye nini?

Kwanza, asilipe kisasi. Asikate minyaa wala asing'oe jiwe. Alama ikipotea, ushahidi umepotea.

Pili, amwite mwenzake kabla ya kulima. "Ndugu jirani, naona mpaka wetu umesogea. Twende tukautazame pamoja." Waende na wazee wanaoujua mpaka, na mwenyekiti wa kitongoji. Wapime kwa kamba kutoka alama isiyosogea.

Tatu, wakikubaliana, wapande alama mpya. Waandike karatasi mbili zinazofanana. Kila mmoja abaki na yake.

Nne, wasipokubaliana, waende Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili liliwekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

Tano, likishindwa, waende Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo nalo hupatanisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna gharama na siku nyingi za kuacha kazi.

Wazee waliouona mpaka wa zamani hufariki. Karatasi iliyoandikwa vizuri hubaki, na watoto wataisoma.

Maswali
1. Kwa nini si vizuri kung'oa alama ya mpaka?
2. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe wangapi?
3. Mpaka wa shamba lako una alama gani? Nani anaijua?

Zoezi
Andika hati ya makubaliano ya mpaka. Taja tarehe, majina ya majirani, alama, vipimo na mashahidi. Acha nafasi za sahihi.