Picha Yako Mtandaoni: Ni ya Nani, na Ikiibwa Ufanye Nini

Chukua mfano wa mfugaji wa Kibugu anayetaka kuuza mtamba. Asubuhi anamsimamisha mnyama kando ya boma, anampiga picha tatu kwa simu, kisha anaziweka kwenye Facebook pamoja na bei na nambari yake. Kufikia jioni picha zile zile zimo katika kundi jingine la wauzaji mifugo, chini ya jina geni, nambari nyingine, na bei iliyoshuka kwa nusu. Mnunuzi wa mbali anaambiwa wateja ni wengi, kwa hivyo atume pesa kidogo za kushikilia ng'ombe. Anatuma kwa M-Pesa. Nambari inazimwa. Siku chache baadaye anamwona yule mtamba kwenye ukurasa wa mwenyewe, na anayeitwa mwizi sasa ni mfugaji wa Kibugu.

Wizi wa picha huonekana jambo dogo kwa sababu aliyeibiwa bado anayo picha yake. Kuku akiibwa, banda hubaki tupu. Picha ikiibwa hakuna pengo lolote, na mwenyewe anaweza kukaa miezi bila kujua. Kinachopotea ni jina lake sokoni, malipo ambayo angepata, au amani ya mtu ambaye sura yake imebandikwa kwenye tangazo asilolijua. Somo la toleo hili linaeleza haki ulizo nazo kisheria, namna ya kuiwekea picha ulinzi kabla haijatoka kwenye simu yako, na hatua za kufuata ikishachukuliwa.

Picha moja, haki mbili

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna haki ya aliyepiga picha, na kuna haki ya anayeonekana ndani yake. Haki hizi zinalindwa na sheria tofauti, na ofisi za kupeleka malalamiko ni tofauti pia. Ukibisha mlango usiofaa utapoteza wiki kadhaa ukielekezwa kwingine.

Tuanze na mpigapicha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaitambua picha kuwa kazi ya ubunifu, na mwenye kazi hiyo ni yule aliyeipanga picha. Sheria haiulizi kama ulitumia kamera ya laki mbili au simu yenye kioo kilichopasuka. Haki huanza papo hapo picha inapopigwa. Haihitaji muhuri wala usajili, ingawa kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, hukupa ushahidi wa maandishi siku ya ubishi. Ulinzi hudumu miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka picha ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa kwa mara ya kwanza, kutegemea lipi limekuja mwisho. Picha ya shamba la majani chai iliyopigwa na kuwekwa mtandaoni mwaka 2024 ina ulinzi hadi mwisho wa 2074.

Kuiweka picha Facebook au Instagram hakumnyang'anyi mwenyewe hakimiliki. Masharti unayokubali unapofungua akaunti huipa kampuni ruhusa ya kuionyesha na kuihifadhi picha, nawe unabaki mwenye mali. Mtu akibonyeza kitufe cha kusambaza, picha inakwenda ikiwa na jina lako. Akiipakua na kuipandisha upya kwa jina lake, hapo amevuka mpaka. Hoja ya kwamba "ilikuwa mtandaoni, kila mtu anaiona" haimo katika sheria yoyote. Gari lililoegeshwa kando ya barabara huonekana na kila mtu pia.

Yapo matumizi yanayoruhusiwa bila idhini: matumizi ya binafsi, utafiti wa kisayansi, uhakiki, na kuripoti matukio ya sasa, mradi yawe ya haki na chanzo kitajwe. Sisi wa taaluma ya habari tumezoea kuandika "picha kwa hisani ya mtandao." Mtandao si mtu, na maneno hayo hayamtaji mpigapicha yeyote.

Kuna kifungu kimoja ambacho vijana wenye studio na wale wanaopiga picha za harusi na ruracio hushangaa wakikisikia. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinasema kwamba kazi ikifanywa kwa kuagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba bibi na bwana harusi walioagiza picha ndio wenye hakimiliki, na mpigapicha anayezitumia kutangaza biashara yake bila kuwauliza anaweza kushtakiwa na wateja wake mwenyewe. Ni hivyo hivyo kwa aliyeajiriwa: picha alizopiga akiwa kazini ni za mwajiri. Kwa hivyo, kijana wangu wa kamera, kabla ya kupokea malipo ya kwanza andika nusu ukurasa: picha ni za nani, mteja atazitumia wapi, wewe utazitumia wapi. Wote wawili muweke sahihi. Na mtu akitaka kununua hakimiliki yako yote, mauzo hayo lazima yawe ya maandishi. Maneno ya mdomo hayahamishi hakimiliki.

Sura yako nayo ina mwenyewe

Sasa tumgeukie anayeonekana kwenye picha. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Anayetaka kutumia sura yako kutangaza biashara anahitaji idhini yako ya wazi. Ukiilalamikia picha, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba ulikubali. Hata ukiwa ulikubali mwanzoni, unaweza kuiondoa idhini yako baadaye.

Sheria hii ina meno, na yamekwisha kuuma. Desemba 2022 kampuni ya simu ya Oppo Kenya ilitozwa shilingi milioni 5. Picha ya mlalamishi ilikuwa imetumiwa kwenye akaunti yake ya Instagram bila idhini, na kampuni haikutii ilani ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, yaani ODPC. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, bila ruhusa yake. Wakati huo huo, Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hili la mwisho linatuhusu sana huku mashinani. Shule, makanisa na vituo vya chekechea vina kurasa za Facebook siku hizi, na picha ya watoto wakiwa kwenye gwaride au tamasha huvutia wazazi wapya. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Mwalimu hana uwezo wa kuitoa kwa niaba yao, na mtoto kutabasamu mbele ya kamera si idhini. Picha yenye sare, jina la shule na jina la mtoto humwambia mtu mbaya mahali pa kumpata mtoto huyo kila siku ya juma.

Sheria hii haiyagusi mambo ya nyumbani tu. Shangazi akituma picha ya familia kwenye kundi la ukoo hajavunja Sheria ya Data, hata kama hukupenda ulivyotoka. Zungumza naye.

Kabla hujaiachia

Hakuna kufuli linalozuia picha isichukuliwe kabisa, kwa kuwa anayeiona anaweza kupiga picha ya skrini. Unachoweza ni kumfanya mwizi apate kitu kisicho na faida kubwa, na wewe ubaki na ushahidi.

Kwanza, usitoe picha ya ukubwa kamili. Punguza ukubwa kwa programu ya kuhariri iliyo kwenye simu. Picha yenye upana wa pikseli elfu moja hivi huonekana vizuri kwenye kioo cha simu lakini haifai kuchapwa kwenye bango. Ile kubwa iache kwenye simu au kompyuta, na nakala yake mahali pengine. Picha ya asili ndiyo hati yako ya umiliki. Ndani yake mna tarehe, saa na aina ya kifaa kilichoipiga. WhatsApp na Facebook huondoa sehemu kubwa ya habari hizo picha inapopita, kwa hivyo aliyeiiba huko hatakuwa nazo, nawe utakuwa nazo. Ukihitaji kumtumia mtu picha pamoja na habari zake kupitia WhatsApp, itume kama hati, si kama picha.

Habari hizo hizo zinaweza kukuumiza. Simu nyingi huandika pia mahali hasa picha ilipopigwa. Ukiituma kwa barua pepe au kama hati, anayeipokea anaweza kuona boma lako liko wapi. Kama hutaki ijulikane ng'ombe wako hulala wapi, zima mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Pili, andika jina lako juu ya picha yenyewe. Wengi huliweka kwenye kona ya chini, na mwizi hukata kona hiyo kwa sekunde mbili. Liweke lipite juu ya kitu muhimu, kwa herufi hafifu zisizoharibu sura: ubavuni mwa ng'ombe, si angani juu yake. Muuzaji wa mifugo, mashamba au vyakula aongeze nambari yake ya simu papo hapo. Mnunuzi akiona nambari kwenye picha hailingani na ya anayemwomba pesa, ataamka mapema.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Kabla ya kutuma chochote, pitisha picha ya bidhaa kwenye Google Lens, au kwenye tovuti ya TinEye, uone kama imeonekana kwingine. Mbinu hiyo haifiki ndani ya makundi ya WhatsApp wala makundi yaliyofungwa ya Facebook, kwa hivyo usipoona kitu usidhani picha ni safi. Omba video fupi ya mnyama huyo siku hiyo hiyo, muuzaji akitaja jina lako. Mwenye ng'ombe ataipiga kwa dakika mbili.

Ikishaibwa

Jambo la kwanza ni lile ambalo hasira hukataza: usimwandikie mwizi. Ukimtukana atafuta ukurasa, na ushahidi utakwenda naye. Anza kwa kukusanya. Piga picha ya skrini inayoonyesha picha yako, jina la akaunti, tarehe na saa. Nakili kiungo cha ukurasa na uandike ulikiona lini. Usiiuze wala kuifuta simu uliyotumia, kwa maana kesi ikifika mahakamani, ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza kifaa kilichoutoa.

Baada ya hapo ripoti kwa mtandao wenyewe. Facebook na Instagram zina fomu za malalamiko ya hakimiliki, nazo ni tofauti na kitufe cha kawaida cha kuripoti. Kama picha imo kwenye tovuti, marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yanakuruhusu kumwandikia mtoa huduma wa intaneti ilani ya kuondoa kazi hiyo. Ilani iwe ya maandishi yenye sahihi, jina na anwani yako, maelezo ya picha na mahali ilipo, pamoja na kiapo au tamko la umiliki. Asipopata pingamizi la maandishi kutoka upande wa pili, mtoa huduma anatakiwa kuifunga kazi hiyo ndani ya saa 48 za kazi. Ilani ya uongo ni kosa la jinai, kwa hivyo usiitumie kukomoa mshindani wako wa soko.

Malalamiko ya mpigapicha yanakwenda KECOBO. Ya mtu ambaye sura yake imetumiwa yanakwenda ODPC, na anaweza kuyatoa kwa maandishi au kwa mdomo, yakaandikwa na maafisa. Ofisi hiyo inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90, na aliyeumizwa anaweza kulipwa fidia.

Kukiwa na utapeli, kama ule wa mtamba, nenda kituo cha polisi kilicho karibu hata kama pesa zilizopotea si zako. Pata nambari ya OB. Siku mnunuzi aliyetapeliwa atakapofika na maafisa mlangoni, nambari hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika kabla yake. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inaadhibu kusambaza picha za faragha au za utupu za mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote. Anayetishiwa picha kama hizo asilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Wala asione haya kufika kituoni. Mwenye kosa ni anayesambaza.

Sheria ya Data haikuziacha nje ofisi za umma, na jarida hili ni mojawapo ya mahali ambapo sura za wakazi huchapishwa. Afisa wa habari akija shambani kwako, kwenye zahanati au kwenye mafunzo ya kikundi akiwa na kamera ya kaunti, muulize picha inakwenda wapi na itatumiwa kwa nini. Usipotaka kupigwa, sema. Mzazi asiyetaka mtoto wake aonekane amjulishe mwalimu mkuu mapema, kwa barua, na abaki na nakala.