MKRISTO NA MILA ZA KWAO

Katika kipindi cha dini muhula huu mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu la kutosha, maana kengele ililia. Aliuliza hivi: Je, Mkuria akiisha kubatizwa katika Kanisa Katoliki, yampasa kuacha Ukuria wake? Wengine walisema ndiyo, wengine la, na wengi walicheka tu. Kwa kuwa swali lenyewe latuhusu sisi tutokao Mbalibali na pande zote za Tarime na Serengeti, tukiwa Wakuria au Wangoreme, nimeona nijaribu kulijibu kwa maandishi. Shule yetu ni ya serikali, nasi tu watu wa dini mbalimbali. Ndugu zetu Waislamu, Wamenonaiti na Wasabato watanivumilia nikitaja zaidi Kanisa langu. Mwisho wataona kwamba jambo hili ni lao pia.

Kwanza yafaa tujue kwamba swali hili si geni. Mabishano makubwa ya kwanza kabisa katika Kanisa yalihusu tohara. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 15. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, na baadhi yao walishika kwamba mtu wa mataifa hawezi kuokoka asipotahiriwa. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, yapata mwaka 50, wakahojiana sana. Petro akasema, Yakobo akasema, na mwisho wakaamua kwamba wageni wale wasitwikwe mzigo huo. Maana yake ni kwamba mtu hahitaji kuwa Myahudi kwanza ndipo awe Mkristo. Basi hahitaji kuwa Mzungu pia, ingawa jambo hili la pili lilichukua muda mrefu zaidi kueleweka.

Tena mwaka 601 Papa Gregorio Mkuu aliwaandikia wamisionari waliokuwa Uingereza, wakati Waingereza wenyewe walipokuwa wapagani, akawaagiza wasizibomoe nyumba za ibada za wenyeji, bali waondoe sanamu zilizomo na kuzitumia nyumba zile kwa Mungu wa kweli. Sikukuu zao zisifutwe, ila zigeuzwe. Katika siku zetu Kanisa laliita jambo hili utamadunisho. Maaskofu walilizungumza sana katika Sinodi ya Afrika ya 1994, na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wake juu ya Kanisa katika Afrika. Kwa ufupi, kila mila hupimwa: inayokubaliana na Injili na uzima wa mtu hupokelewa, na inayopingana nayo huachwa.

Mambo mengine ni mepesi kupima. Jina, kwa mfano. Wako wazee wanaodhani kwamba Bhoke au Chacha si jina la kubatiziwa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, hutaka tu kwamba jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo; haisemi litoke Ulaya. Mahari nayo haikukatazwa, maadamu ng'ombe ni ishara ya undugu wa koo mbili, wala binti hauzwi. (Hapo kwenye kuuzwa wazazi wengine watakohoa kidogo, lakini naendelea.) Nyumba ntobhu, yaani mama asiye na mwana wa kiume kumwoa msichana ili amzalie watoto wa ukoo, ni jambo gumu zaidi. Kanisa haliwezi kuiita ndoa, wala Sheria ya Ndoa ya 1971 haiiiti hivyo. Walakini mjane aliyekosa mwana huogopa kupoteza shamba na jina, na hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa kwamba ni dhambi. Wajuao zaidi na waandike.

Sasa nataka tumtazame mtu mmoja wa mkoa wetu. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 katika misheni ya Nyegina, ambayo Mapadre Weupe waliianzisha mwaka 1911. Kabla ya hapo alikuwa amechongwa meno ya mbele, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Alikaa na meno hayo Ikulu, alihutubia nayo mataifa, na hakuyaficha. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kesi ya kumtafutia heshima ya Mwenye Heri. Mimi nauliza: leo ni mzazi gani wa Butiama anayemchonga mwanawe meno? Desturi ile imekwisha. Je, Wazanaki wamekwisha? Lugha yao ipo, ngoma zao zipo, na bado wanajuana kwa koo zao. Basi kabila laweza kuacha jambo moja lililowahi kuonekana kama muhuri wa kabila, nalo likabaki kabila.

Nimesema hayo ili nifike kwenye jambo lenyewe, nalo ni tohara.

Tohara ya wavulana sina haja ya kuijadili sana. Kanisa halikuikataza, na majaribio ya waganga, mojawapo likifanyika Kisumu jirani zetu, yameonyesha kwamba hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa Ukimwi. Kisu kiwe safi, basi. Ukeketaji wa wasichana ni jambo jingine kabisa, ingawa kwetu yote mawili huitwa kwa neno moja na kufanywa msimu mmoja, Desemba ya miaka ya shufwa, wazee wa inchama wakiisha kutoa ruhusa. Biblia haikuutaja popote. Hauna faida yoyote kwa mwili. Huleta kutoka damu, vidonda, taabu ya kuzaa, na wengine hufa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamwadhibu anayemkeketa au kumkeketesha msichana wa chini ya miaka 18 aliye katika ulezi wake, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Maana yake si ngariba peke yake. Hata mzazi yumo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 28. Idadi yapungua, lakini polepole mno.

Kwa nini polepole, na hali sheria ipo na mahubiri yapo? Bibi yangu, ambaye hakosi jumuiya siku ya Jumamosi, alinieleza vizuri kuliko kitabu. Alisema kwamba msimu wake yeye ndipo alipopewa nguo yake ya kwanza mpya, ndipo alipofundishwa na mama zake wakubwa namna ya kutunza mji, na marika aliyotahiriwa nao ndio waliomzika mumewe. Asiyeingia alibaki kuitwa msagane mpaka uzeeni. Sikiliza basi: mafundisho, zawadi, chakula, marika, heshima, na wembe. Katika hayo yote kibaya ni wembe. Lakini tukimwambia bibi aache, yeye husikia tunamwambia aache yote.

Kosa hilo liliwahi kufanywa. Mwaka 1929 huko Kenya misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini wao waape kuukana ukeketaji, au watengwe. Maelfu waliondoka makanisani, wakajenga shule zao wenyewe, na ukeketaji ukawa bendera ya kuupinga ukoloni. Misheni zilikuwa na haki juu ya wembe, lakini hazikuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Kusini mwa nchi yetu mambo yalikwenda njia nyingine. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, aliruhusu jando ya Kikristo: kambi ilibaki, wazee wa kufundisha walibaki, sala zikaingia, na yaliyopingana na imani yakatolewa.

Twaweza kuona mfano wa namna hiyo hapa karibu. Kule Masanga wilayani Tarime, chini ya Jimbo Katoliki la Musoma, wasichana hupokewa katika kambi msimu unapofika; hula, hulala salama, hufundishwa mila njema za Kikuria pamoja na afya na sheria, na siku ya mwisho wazazi huitwa kwenye sherehe. Mugumu nako Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014. Ni unyago kamili usio na wembe.

Walakini kambi haiwezi kujibu swali moja, ambalo kila mzee huliuliza: binti huyu nani atamwoa? Jibu la swali hilo haliko kwa Askofu wala kwa Mkuu wa Wilaya. Liko kwetu sisi wavulana tunaosoma gazeti hili kitandani baada ya maandalio ya usiku. Mvulana Mkatoliki anayeshika rozari, kisha akamcheka dada wa rafiki yake kwa kumwita msagane, ndiye anayemnolea ngariba. Nami nasema mbele ya wazazi watakaosoma: nitakapofika wakati wa kuoa, sitauliza habari hiyo, na ng'ombe nitakazotoa hazitapungua. Wenzangu sita wa kidato cha nne wamekubali nao kulisema hili katika jumuiya zao, si shuleni tu.

Mtihani wetu utakwisha Novemba, nasi tutakuwa nyumbani Desemba yote. Desemba hiyo ni ya mwaka wa shufwa. Mdogo wangu wa kike yuko darasa la sita. Nimemwandikia baba barua juu ya Masanga, nikampa na nauli niliyoibakiza. Jibu bado halijafika.