Boloni ya resori imeshikwa na kutu: tuitoe bila haraka



Kwenye kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaingia chini ya kamyoneti. Pengine mtauliza: watu wa kilimo wanatafuta nini kule? Jibu ni kahawa. Matunda mekundu yakichumwa asubuhi, yanapaswa kupita kwenye mashine ya kumenya siku ile ile. Yakilala ndani ya mifuko yanapata joto, yanaanza kuchacha, na ile ladha mbaya haitoki tena, hata mkiyakausha vizuri namna gani. Kamyoneti ikilala pane, kahawa nayo inalala pane.

Msimu mmoja tulikuwa na koperative moja ya Kivu ya Kusini. Kamyoneti yao ya zamani ilikuwa inapiga kelele nyuma, na raba za resori zilikuwa zimekwisha. Tukasema: ni kazi ya saa mbili tu. Tukaanza asubuhi ya siku ya mavuno. Boloni ikakataa. Tukatia bomba refu kwenye kle, vijana wawili wakavuta kwa nguvu yote, na kichwa cha boloni kikakatika. Kamyoneti ilibaki juu ya vigogo siku tatu. Kahawa iliyongoja iliuzwa kwa bei ya chini, na hasara ile ikagawanywa kwa wanachama wote. Kosa halikuwa la boloni. Lilikuwa letu: tulichagua siku mbaya, tena tulivuta bila kujua kutu imeshika fasi gani.

1. Kwanza tujue kutu iko wapi

Resori ya nyuma ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya ingine. Mwisho wake wa mbele umekunjwa kama jicho. Ndani ya jicho kuna raba, na ndani ya raba kuna kabomba ka chuma. Boloni inapita ndani ya kabomba hako na kuunga resori na shasi.

Maji na matope ya barabara zetu yanaingia kati ya boloni na kabomba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyoliwa, ndiyo maana inakaza sana kuliko kle yoyote. Kwa hiyo kuna fasi mbili za kushikwa, na kila moja iko na dawa yake:

- Ekuru imeshikwa kwenye meno ya boloni. Ukizungusha, hakuna kinachosogea hata kidogo.
- Boloni imeshikwa ndani ya kabomba. Ekuru imekubali kutoka, lakini ukizungusha kichwa cha boloni kinaenda kidogo kisha kinarudi chenyewe, kama unavuta mpira. Ni raba inayojipinda. Hapa kuongeza nguvu ni kuvunja tu.

2. Kazi inaanza siku tatu mbele

Msianze siku ya mavuno wala siku ya soko. Kama mavuno ni siku ya posho, mafuta yatiwe tangu siku ya tatu.

Piga brosi ya waya kwenye meno ya boloni mpaka chuma ionekane. Tia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, pande zote mbili. Kama hamuna yale ya kopo, mazutu au petroli ya taa inaweza kusaidia, lakini inaenda polepole. Esansi, hapana: inakauka upesi na inashika moto. Kila mara mkitia mafuta, gonga kichwa cha boloni kidogo na nyundo. Yale matetemeko yanafungua njia ndani ya kutu. Angalieni mafuta yasifike kwenye freni.

Katika siku hizo tatu, nunueni pia raba mpya, boloni mpya na ekuru mpya. Mtu asiye na piesi mkononi asifungue.

3. Usalama kabla ya kle

Kriki ni ya kuinua, haiko ya kushikilia. Motokari iwe fasi tambarare, na magurudumu ya mbele yazibwe na mawe makubwa. Ikiisha kuinuliwa, shasi ikae juu ya vigogo vipana vya mti mgumu, pande zote mbili. Matofali hapana, yanapasuka bila kuonya. Sukuma motokari kwa mkono: kama inatikisika, panga tena. Hakuna mzigo wa kahawa unaolingana na kifua cha mtu.

Kisha weka kriki chini ya ponti, yaani ile chuma kubwa inayounga magurudumu mawili ya nyuma. Ipandishe na kuishusha kidogo kidogo, mpaka resori isivute boloni juu wala chini. Boloni inayobeba uzito haitoki, hata kama haina kutu.

4. Kutoa ekuru

Tumia kle inayofunika ekuru yote, yenye pembe 6. Ile ya pembe 12 inateleza na kula kona za ekuru. Mtu mmoja ashike kichwa cha boloni upande wa pili.

Kabla ya kulegeza, jaribu kukaza kidogo sana. Kutu ikivunjika utasikia mlio mfupi. Sasa legeza robo mzunguko, rudisha, tia mafuta, legeza tena. Ukisikia ekuru inakuwa ngumu zaidi, usilazimishe, rudi nyuma. Ni kama kufungua njia ndani ya majani: unaenda na kurudi.

5. Kutoa boloni

Usitoe ekuru yote. Iache isawazike na mwisho wa boloni, ili nyundo isiharibu meno. Tia kipande cha shaba au mti mgumu katikati, piga sawasawa. Kama kichwa kinazunguka na kurudi kama mpira, tia mafuta pande mbili, zungusha mbele na nyuma, piga, ngoja. Fanya hivyo hata nusu siku.

Ikikataa kabisa, kata. Pitisha msumeno wa chuma kati ya jicho la resori na mkono wa shasi, upande huu na upande ule. Raba ya zamani itakufa, lakini tayari mko na ingine. Kukata kwa msumeno ni kazi ya jasho, lakini haiharibu shasi.

Moto wa gesi uachiwe fundi wa garaji mwenye kuzoea. Raba ikiungua inatoa moshi mbaya, na tanki na mabomba ya freni yanaweza kuwa karibu. Amortiseri isiguswe na moto kamwe: iko na mafuta ndani, zingine hata gesi, na inaweza kupasuka.

6. Kurudisha ili isishikwe tena

- Safisha tundu za shasi. Paka grisi kwenye mwili wa boloni, si kwenye raba, juu grisi inaharibu raba.
- Boloni mpya iwe na unene na urefu ule ule, na namba ya nguvu kichwani isipungue ile ya zamani: 8.8 au 10.9. Kipande cha ferabeto si boloni. Kinaweza kukatika kwenye mteremko, na mzigo uko juu.
- Ingiza ekuru kwa mkono tu. Shusha motokari magurudumu yafike chini, itikise, ndipo kaza kabisa. Ukikaza resori ikining'inia, raba itaishi imepindwa na itapasuka upesi.
- Kisha safari ya kwanza, angalia tena kama imekaza.

Ile koperative ilinunua brosi ya waya na kikopo cha mafuta. Sasa, kila mwisho wa msimu, shoferi na vijana wawili wanasafisha boloni zote za resori na kutia mafuta kidogo kwenye meno. Kazi ya nusu siku, wakati kahawa haingoji.

Maswali ya kuongea katika kikundi

1. Kamyoneti yetu, ni nani anaiangalia chini, na mara ngapi kwa mwaka?
2. Komite inaweka franka za piesi kabla ya mavuno, ao inangoja pane?
3. Kama boloni ikikatika kesho asubuhi, kahawa yetu itafika kwenye mashine namna gani?

Swali la tatu lijibiwe leo, wakati motokari ingali inatembea.