Tumbo Lililoachana Baada ya Kujifungua

Swali: Daktari, nilijifungua miezi minne iliyopita. Nikiinuka kitandani, katikati ya tumbo panatokeza kama tuta. Mama mkwe hunifunga leso kila asubuhi. Je, litarudi? – Mama wa wawili, Njoro

Jibu: Pole mama, na hongera kwa mtoto. Misuli ya mbele imeachana kwa sababu mimba ilinyoosha utando unaoiunganisha, haijachanika. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza juu ya kitovu. Vidole vikizama zaidi ya viwili kwa upana, ndiyo hali yenyewe.

Leso inategemeza tu, na ikikazwa sana husukuma uzito chini kwenye nyonga. Anza na pumzi: unapoitoa polepole, vuta kitovu ndani na ukaze kama anayezuia mkojo. Mara kumi, asubuhi na jioni. Ukitoka kitandani, geukia ubavu kwanza. Mtungi wa lita 20 abebe baba watoto. Nawasihi waume, hapa mnahitajika kweli. Baada ya wiki nane bila nafuu, muone mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya Nakuru. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, nenda siku hiyohiyo: huenda ni henia.