Programu ya bure, gharama ya kuhama: Hesabu ya seva moja inayofanya kazi ya nne

WAFANYABIASHARA wengi wenye seva, yaani zile kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nzima, walizoea kwa miaka mingi kwamba programu ikishanunuliwa imenunuliwa. Risiti inawekwa kwenye faili, leseni inabaki yao, na kinacholipiwa baada ya hapo ni matengenezo tu.

Mazoea hayo yalivunjwa Desemba 2023. Kampuni ya Broadcom ya Marekani, ambayo haikuwa imemaliza hata mwezi tangu ikamilishe ununuzi wa VMware, ilitangaza kuwa haitauza tena leseni za kudumu za programu zake za seva. Kuanzia hapo mteja analipia kipindi, na kipindi kikiisha analipa tena.

VMware si jina geni kwa mafundi wa kompyuta. Ilianzishwa California mwaka 1998, na ndiyo iliyoyafanya makampuni ya kawaida yaamini kuwa seva moja inaweza kubeba kazi ya seva nne au kumi. Makubaliano ya kuinunua, yaliyotangazwa Mei 2022, yalikuwa ya dola bilioni 61 za Marekani, pamoja na kubeba deni lake la dola bilioni 8.

Somo la wiki hii linahusu njia nyingine ya kufanya kazi hiyo hiyo kwa programu huria, ambazo hazina bei ya leseni. Mfanyabiashara anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini basi watu waliendelea kulipa. Swali ni zuri, na jibu lake linamhusu pia mwenye hisa.

Nyumba moja, wapangaji wanne

Katika biashara ya ukubwa wa kati si ajabu kukuta seva nne. Moja ni ya hesabu, ya pili ni ya mali iliyopo ghalani, ya tatu inatunza mafaili ya ofisi na ya nne inaandika mahudhurio ya wafanyakazi. Kila moja ilinunuliwa mwaka wake, kila moja inakula umeme wake, na sehemu kubwa ya siku zimekaa bila kazi.

Programu msimamizi huwekwa juu ya seva moja yenye nguvu na kuigawa. Kila mfumo unapewa fungu lake la prosesa, kumbukumbu na diski, na unajiona kama uko peke yake kwenye mashine nzima. Mafungu hayo ndiyo yanayoitwa seva pepe.

Ni kama nyumba ya vyumba vinne yenye paa moja. Mpangaji mmoja akivuruga chumba chake, wenzake hawahami. Paa likianguka, linawaangukia wote, na jambo hili litarudiwa hapa chini kwa sababu ndipo wengi wanapoumia.

Wazo lenyewe ni la zamani. IBM ilikuwa ikigawa mashine zake kubwa kwa namna hii tangu miaka ya 1960. Kilichobadilika ni bei. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza Xen, programu msimamizi iliyo huria kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2005 na 2006 Intel na AMD walianza kutia ndani ya prosesa zao uwezo wa kusaidia kazi hiyo, na Februari 2007 programu nyingine huria, KVM, iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. Tangu hapo aliye na Linux ana msimamizi wa seva pepe bila kulipa senti.

Wala hiki si kitu cha majaribio. Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta kwa njia ya intaneti mwaka 2006 ilitumia Xen, na mwaka 2017 ilianza kuhamia mfumo wake uliojengwa juu ya KVM.

Bure ya hisani na bure ya haki

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Programu inaweza kutolewa bure na mwenyewe akabaki mwenyewe. VMware ilikuwa na toleo dogo la bure lililotumiwa sana na ofisi ndogo. Mapema mwaka 2024 toleo hilo liliondolewa, na Aprili 2025 likarudishwa. Aliyelitegemea hakuwa na la kusema, kwani alikuwa amepewa kwa hisani.

Programu huria ni habari nyingine. Maandishi ya ndani ya programu, ambayo mafundi huyaita msimbo, yako wazi, na leseni inampa kila mtu ruhusa ya kuyatumia, kuyabadili na kuyasambaza kwa masharti yaliyoandikwa. Toleo lililokwisha kutolewa haliwezi kunyang'anywa.

Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwishoni mwa 2017 Citrix, iliyokuwa mmiliki wa XenServer, ilipunguza mambo yaliyokuwemo katika toleo la bure. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu wa kampuni ya Vates ya Grenoble, Ufaransa, waliuchukua na mwaka 2018 wakatoa toleo lao, XCP-ng, likiwa na mambo yale yale yaliyoondolewa. Wateja waliokuwa wamebanwa walipata pa kwenda.

Mwenye hisa anaangalia nini?

Mwekezaji mdogo anaweza kudhani kuwa kitu kinachotolewa bure hakina biashara. Kumbukumbu za soko zinaonyesha vinginevyo. Mwaka 2007 Citrix ilinunua kampuni ya XenSource kwa takriban dola milioni 500. Mwaka 2008 Red Hat ilinunua Qumranet, walikotoka waanzilishi wa KVM, kwa dola milioni 107. Red Hat yenyewe ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34.

Msimbo wa kampuni hizo ungeweza kuchukuliwa na yeyote kwenye intaneti. Kilichonunuliwa ni mafundi wanaoujua, jina, na wateja walio tayari kulipia huduma. Kampuni ya programu huria inaishi kwa huduma, na ikilegea mteja anamwita fundi mwingine.

Kampuni ya programu iliyofungwa inaishi kwa kitu kingine zaidi, nacho ni ugumu wa mteja kuondoka. Mafundi wake wamefunzwa mfumo huo, nakala zake za akiba ziko katika muundo huo, na mfumo wake wa hesabu umethibitishwa kwa mfumo huo tu. Ugumu huo una thamani ya fedha, na anayenunua kampuni ananunua na ugumu huo.

Agosti 2024 kampuni ya simu ya AT&T iliishitaki Broadcom huko New York kuhusu huduma ya matengenezo ya VMware. Katika nyaraka za kesi kiongozi mmoja wa AT&T alilalamikia ongezeko la bei lililopendekezwa la asilimia 1,050. Kwa lugha ya dukani, kilicholipiwa shilingi 100 kinakuwa shilingi 1,150. Broadcom ilipinga madai hayo, na kabla ya mwaka kwisha pande mbili zilipatana nje ya mahakama. AT&T ilieleza kuwa ina seva pepe zipatazo 75,000 juu ya mfumo huo. Mtu wa ukubwa huo hafungashi virago kwa wiki moja.

Kwa upande wa vitabu, mapato ya Broadcom kutokana na programu yalipanda kutoka dola bilioni 7.6 katika mwaka wa fedha 2023 hadi bilioni 21.5 mwaka 2024, sababu kubwa ikiwa ni kuingizwa kwa VMware. Desemba 2024 thamani ya kampuni kwenye soko la hisa ilivuka dola trilioni moja. Soko lilikuwa likishangilia zaidi prosesa zake za akili bandia, hivyo si haki kulipa ongezeko lote jina la VMware. Lakini mwenye hisa anayependa ongezeko la namna hiyo ajiulize ni wateja wangapi wanalipa huku wakitafuta mlango. Hao hawaonekani katika hesabu za mwaka huu, kwa sababu mikataba yao haijaisha.

Sharti jingine liliwagusa wadogo. Malipo yanahesabiwa kwa idadi ya viini vya prosesa, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila prosesa. Mwenye seva ya viini 8 analipia 16. Ni sawa na kubeba nusu gunia na kulipia gunia zima.

Hesabu ya duka la jumla

Chukua mfano wa duka la jumla lenye zile seva nne zilizotajwa mwanzoni, ambalo linataka kuzibadili kwa seva mbili mpya zenye prosesa moja ya viini 16 kila moja.

Programu huria ambayo imekimbiliwa sana na ofisi za ukubwa huu ni Proxmox, ya Vienna, Austria, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Imejengwa juu ya Debian na KVM. Leseni yake haina bei. Anayetaka masasisho yaliyojaribiwa zaidi hulipa ada ya mwaka kwa kila prosesa, na ngazi ya chini katika miaka ya karibuni imekuwa kati ya euro 100 na 120. Ngazi hiyo haina fundi wa kuitwa. Anayetaka wa kumjibu hulipa zaidi.

Hadi hapo hesabu inapendeza. Inabadilika inapofika Windows. Kama mifumo yote minne inatumia Windows Server, Microsoft inadai leseni yake hata kama msimamizi aliye chini ni wa bure. Leseni ya ngazi ya Standard ikifunika viini vyote vya seva inaruhusu seva pepe mbili tu. Kwa nne, seva hiyo hiyo inalipiwa mara mbili. Tena, kama mwenye duka anataka seva ya pili ipokee zote nne ya kwanza ikianguka, kwa kawaida na ya pili inatakiwa iwe na leseni za kutosha nne. Wengi hugundua hili baada ya kununua mashine.

Kuna suala la kura pia. Seva zinazosaidiana huamua kwa wingi wa kura nani aendeshe nini, ili zisije zote mbili zikaandika hesabu ile ile kwa wakati mmoja. Zikiwa mbili na moja ikaanguka, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, na hiyo si wingi. Inakataa kuendelea. Dawa yake ni shahidi wa tatu, na kompyuta ndogo ya bei rahisi inatosha kwa kazi hiyo. Fundi anayeuza seva mbili bila kumtaja shahidi aulizwe.

Halafu kuna lile paa. Umeme ukikatika ghafla, hazizimi kompyuta za hesabu peke yake. Zinazima zote nne pamoja. Betri ya akiba iunganishwe na seva ili izizime kwa utaratibu kabla haijaisha, vinginevyo mafaili ya hesabu yanaweza kuharibika.

Wezi nao wanalijua paa. Februari 2023 maelfu ya seva za VMware katika nchi mbalimbali, Ufaransa ikiwa miongoni mwa zilizoguswa sana, zilifungwa na wahalifu waliodai malipo ili wazifungue. Kasoro waliyopitia ilikuwa imetolewa dawa tangu Februari 2021. Waathirika hawakuwa wameiweka. Programu huria nayo ina kasoro zake, na masasisho yake hayajiweki yenyewe. Ukurasa wa kuongozea seva usiachwe wazi kwenye intaneti, uwe wa programu gani.

Mshahara wa fundi ndio mstari mkubwa

Katika bajeti ya programu huria mstari wa leseni ni mfupi na mstari wa mtu ni mrefu. Duka lenye fundi mmoja tu anayejua mfumo limehama kutoka kufungwa na kampuni hadi kufungwa na fundi. Akiondoka na maneno ya siri kichwani, msimbo kuwa wazi hauna msaada wa haraka. Maelezo ya mfumo yaandikwe, yachapwe na kufungiwa kabatini.

Na huria si dhamana ya kuishi milele. Red Hat iliamua kuachana na bidhaa yake ya seva pepe iliyojengwa juu ya mradi huria wa oVirt, ikaelekeza nguvu kwingine. Msimbo wa oVirt haukufutwa, lakini mkubwa aliyekuwa akiwalipa mafundi wake alipoondoka, waliobaki walikuwa wachache. Kabla ya kuchagua, ni vyema kutazama ni kampuni ngapi zinachangia kazi. KVM ina nguvu kwa sababu wakubwa wengi wanaitegemea, na hakuna mmoja anayeweza kuizima.

Kwa anayehama kutoka VMware, Proxmox iliongeza mwaka 2024 chombo cha kuzivuta seva pepe moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa zamani. Mafundi wenye uzoefu huanza na isiyouma, kwa mfano ile ya mahudhurio, na kuiacha ifanye kazi wiki kadhaa. Ya hesabu huhamishwa mwisho, baada ya kufunga mwezi, na ile ya zamani haifutwi mpaka mwezi mwingine ufungwe.

Nakala ya akiba iwe kwenye mashine nyingine, na nakala moja iwe nje ya jengo. Picha ya haraka iliyohifadhiwa kwenye diski ile ile ya seva haihesabiki kuwa akiba. Jumamosi moja duka likiwa limefungwa, fundi aambiwe airudishe seva ya hesabu kutoka kwenye nakala hiyo, na mhasibu akae pembeni akilinganisha salio la mwisho na daftari.